Shangazi anajibu: Naenda Berlin peke yangu miezi miwili, mama halali

Barua za safari zimekuwa nyingi toka mwezi ulopita, nimechagua tatu, mbili za Lindi na Mtwara na moja ya mama wa Masasi. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu mana imebeba maswali ya wengi.

SWALI

Shikamoo shangazi. Mimi ni binti wa miaka 23, kwetu Lindi mjini, Mikumbi, nasoma chuo Dar mwaka wa pili. Nimepata nafasi ya kozi ya Kijerumani Berlin, inaanza mwanzoni mwa Julai inaisha mwisho wa Agosti, ada na nauli wamelipa wafadhili, mi natakiwa nitafute chumba na hela ya kula. Shida naenda peke angu. Darasani kwetu tuliomba wengi nikapata mimi tu, sa wenzangu wananambia nina bahati ila mi usiku nawaza mpaka kichwa kinauma, sijawahi kupanda ndege shangazi, mbali kabisa nilipofika ni Arusha na tulienda na basi la shule.

Mama tangu nimwambie halali. Anasema mtoto wa kike unaenda kukaa miezi miwili na watu usiowajua, ukiumwa nani atakupa hata maji. Mjomba ndo kasema kabisa hapana, na we unajua kwetu sie Wamwera mjomba akisema hapana ndo imeisha, baba mwenyewe anasubiri mjomba alainike ndo na yeye aseme neno. Alafu kuna dada mmoja mtaani alishakaa Ulaya kanambia wazungu hawasalimii, jirani anaweza kufa mlango wa pili na usijue, na ubaguzi upo. Mi nataka niende kweli ila naogopa, na sitaki nionekane nimewavunjia heshima wakubwa. Nifanyeje? Na huko mtu ukiwa huna mtu unafanya nini? Kozi ni asubuhi mpaka saa saba mchana, jumamosi na jumapili hamna kitu.

Msomaji wako, Lindi

JIBU

Marahaba mwanangu. Kwanza hongera, mliomba wengi ukachaguliwa wewe, furaha hiyo usiiache imezwe na hofu.

Nianze na mjomba mana bila yeye haya mengine hayana kazi. Mi pia mtu wa kusini, najua uzito wa mjomba, kwaiyo sikushauri hata kidogo uondoke kwa kificho au umpigie simu ya kumuaga ukiwa tayari Dar. Ukimsikiliza vizuri mjomba anauliza kitu kimoja tu, likikupata la kukupata nani atajibu. Basi mjibu hilo. Nenda mwenyewe kwake, usitume ujumbe wa wasapu, nenda na bibi kama yupo hai mana mjomba mbele ya mama yake sauti inashuka, na uende na karatasi mkononi: barua ya chuo yenye anwani na namba ya simu, barua ya wafadhili, karatasi ya bima, na jina la mtu wa ofisi ya chuo anayepokea wanafunzi wa nje. Mwambie pia kwamba Tanzania ina ubalozi Berlin hapohapo na ukifika utajiandikisha pale wajue upo. Alafu muombe kitu, mwambie mjomba naomba wewe ndo unisindikize mpaka uwanja wa ndege Dar. Akikubali kukusindikiza ujue ameshakubali safari, na baba atasema neno lake siku hiyohiyo.

Na hapo kwenye kwenda Dar msikilize mtu mzima: usipange kutoka Lindi jana yake. Unakumbuka Mei 2024 ile mvua ya kimbunga Hidaya, barabara ilikatika kule Somanga watu wakakwama njiani. Julai sio mwezi wa mvua kwetu, sawa, lakini miadi yako ya viza huenda ikaangukia Aprili au Mei, na miadi ya ubalozi ukiikosa kupata nyingine ni mtihani. Ondoka siku mbili tatu kabla, lala kwa ndugu.

Kuhusu viza yenyewe, unayoomba ni ya Schengen, yani viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, inaruhusu kukaa mpaka siku 90 ndani ya siku 180, kwaiyo miezi yako miwili inaingia bila shida. Unaruhusiwa kuomba kuanzia miezi sita kabla ya safari, mwisho kabisa siku 15 kabla, na ada yake ni yuro 90 kwa mtu mzima. Usisubiri mwisho, Aprili uwe ushapeleka mana majibu yanaweza kuchukua wiki kadhaa. Bima ya safari ni lazima na iwe inalipa matibabu angalau yuro 30,000. Hiyo bima isome, usiinunue tu kwa ajili ya kuonyesha ubalozini, angalia namba ya kupiga ukiumwa iko wapi na uiandike kwenye karatasi, sio kwenye simu peke yake.

Chumba. Hapa ndo wanafunzi wengi wanalia. Utaona mtandaoni chumba kizuri katikati ya mji, bei ya chini, mwenye nyumba anakwambia yuko nje ya nchi kwa sasa, tuma kodi na dhamana nami nitakutumia funguo kwa posta. Funguo hizo haziji. Waandikie chuo leo, waulize hosteli, au wakuunganishe na mwanafunzi wa Kijerumani anayeenda likizo na anataka mtu wa kushika chumba chake Julai na Agosti, kipindi hicho vyumba vya namna hiyo vipo kwa sababu wenyewe nao wanasafiri. Ukikosa kabisa lipia hosteli ya wasafiri wiki ya kwanza, chumba cha wasichana, utafute ukiwa hukohuko unaona kwa macho.

Hela: M-Pesa na ndugu zake huko hazikusaidii kulipia mkate. Nenda benki yako kabla, waambie nasafiri nchi fulani tarehe fulani wasije wakafunga kadi wakidhani imeibwa, na ile laini yako ya Tanzania usiitupe, iache kwenye simu mana namba za siri za benki zinakuja kwa ujumbe kwenye laini hiyohiyo. Ya kule utanunua hata supamaketi ila wataisajili kwa pasipoti kama huku tunavyosajili kwa kitambulisho cha NIDA. Yuro taslimu tembea nazo kidogo, Berlin kuna maduka madogo na sehemu za kula bado hazitaki kadi.

Sasa usafiri, mana huu unatisha mtu wa kwanza kufika. Treni za mjini Berlin hazina geti la kukuzuia, unashuka ngazi unaingia, hakuna anayekuuliza kitu, na mgeni anadhani bure. Tiketi ya karatasi ukinunua kwenye mashine lazima uigonge muhuri kwenye kiboksi kilichosimama pale jukwaani kabla hujapanda, ikiwa haina muhuri ni kama huna. Wakaguzi wanapanda wamevaa nguo za kawaida kabisa, jinzi na koti, mlango ukifungwa ndo wanatoa kitambulisho, na faini ni yuro 60 hata ulie machozi. Mji umegawanywa kanda A, B na C, uwanja wa ndege uko C, kwaiyo siku ya kufika nunua ya ABC, siku nyingine za mjini AB inatosha. Kama unakaa miezi miwili kata ya mwezi mzima usahau habari hiyo.

Vitu vidogo vya barabarani: njia ya baiskeli inapita juu ya sehemu ya waenda kwa miguu, mara nyingi ina rangi ya wekundu, usisimame pale kupiga picha, wanakuja kasi na kengele na hawasimami. Na taa ikiwa nyekundu utaona watu wazima wamesimama saa tano usiku, gari hata moja hakuna, kimya, wanasubiri ki-mtu cha kijani. Subiri nao, hasa kama kuna mtoto karibu, utachambwa na bibi usiyemjua kwamba unamfundisha mtoto vibaya. Kengele hizo na hao mabibi ndo salamu zako za kwanza, usiumie moyo.

Hapo nifike kwenye kitu ambacho nakiona kigumu kuliko wizi na kuliko treni. Kinachomtesa mtu aliye peke yake kule ni jumapili. Asubuhi za kozi zitajipanga zenyewe, una darasa, una kazi ya nyumbani, una wenzio kutoka Brazil na Vietnam wanaovunja Kijerumani kama wewe. Jumapili maduka yanafungwa kwa sheria, supamaketi zote, nguo, kila kitu, mtaani kunapoa, na kelele za nyumbani hazitakiwi siku hiyo, mtu haoshi gari wala hapigi nyundo ukutani. Mtu wa Lindi aliyezoea jumapili ya harusi, ngoma, wageni na watoto wa jirani kuingia bila hodi, akikaa chumbani siku ya namna hiyo anaweza kulia na asijue analilia nini. Nimekaa Ujerumani nikisoma, nimeona vijana wetu wazima wenye akili zao wakiangukia hapo, anaanza kulala mpaka mchana, hapiki, anashinda kwenye simu anaangalia picha za nyumbani, wiki ya tatu anasema nataka kurudi.

Na jua linaongeza. Kwetu saa kumi na mbili na kidogo jioni giza limeingia, mwili unajua siku imeisha. Berlin mwanzo wa Julai jua linazama saa tatu na nusu usiku na kumi na moja kasoro alfajiri limeshatoka tena. Wiki ya kwanza hutopata usingizi, utajiona una muda mrefu mno usio na kazi. Nunua kitambaa cha kufunika macho, na jiwekee saa ya kula na saa ya kulala kwa saa ya ukutani, usilifuate jua. Tofauti ya saa na nyumbani ni moja tu, Lindi iko mbele, kwaiyo kuongea na mama ni rahisi kuliko unavyofikiri.

Kwaiyo mwanangu panga jumapili zako kabla hujapanda ndege, zote, ziandike kwenye daftari. Jumamosi nunua chakula cha siku mbili. Ukisahau, supamaketi ya stesheni kubwa, Hauptbahnhof, inafunguliwa jumapili, na vile viduka vya kona vya usiku vingi viko wazi ila bei imepanda. Jumapili moja nenda Mauerpark, kuna mnada wa vitu vilivyotumika, sahani, makoti, baiskeli, na watu wamekaa kwenye majani wanapiga muziki, hulipi kiingilio. Nyingine nenda Tempelhofer Feld, ulikuwa uwanja wa ndege, toka 2010 ni bustani ya watu wote, njia za kurukia ndege sasa wanapita na baiskeli na vishada, unakaa unaona anga lote kama upo ufukweni kwetu. Ukienda maziwani kuogelea, Wannsee au Schlachtensee, jua mapema kwamba kuna watu wanaota jua bila nguo kabisa na kwao ni kawaida na hawakutazami, we vaa unachovaa, hakuna atakayekuuliza.

Ila jumapili ya kwanza kabisa, naomba hii iwe ahadi, nenda jumba la makumbusho ya viumbe, Museum für Naturkunde, treni ya U6 inashusha karibu kabisa, stesheni ina jina hilohilo. Jumatatu wanafunga, jumapili wako wazi. Ukivuka mlango unaingia ukumbi mkubwa wenye paa la vioo, na katikati amesimama mjusi wa Tendaguru, yule dinosaria mkubwa wa kale, wa kwenu, wa Lindi. Ana urefu wa zaidi ya mita 13 toka miguuni mpaka kichwani, kichwa kile juu ni cha kuigiza mana chenyewe ni kizito lakini sehemu kubwa ya mwili ni mifupa yenyewe iliyotoka ardhini kwetu. Ilichimbwa kati ya 1909 na 1913, wachimbaji walikuwa babu zetu kwa mamia, wakabebeshwa mifupa hiyo kichwani na mabegani mpaka bandari ya Lindi, zaidi ya tani 200, kwa miguu, porini. Msimamizi wao alikuwa Boheti bin Amrani, fundi wa kuitoa mifupa bila kuivunja, na 2007 mwanasayansi mmoja alimpa heshima akaita mjusi mwingine wa Tendaguru Australodocus bohetii kwa jina lake. Wabunge wetu wa kusini wameuliza bungeni zaidi ya mara moja kuhusu mjusi huyu na faida yake kwa watu wa Lindi, na mi naona wana haki ya kuendelea kuuliza. Simama pale chini, soma maandishi yote, na ukiona mzazi wa Kijerumani na mtoto wake pembeni waambie kwa Kijerumani chako hichohicho kidogo: mimi natoka huko. Utaona watakavyogeuka. Hilo ndo somo lako la kwanza la kuongea na watu, na una cha kuongea ambacho darasa zima hawana.

Siku nyingine nenda eneo linaloitwa Wedding, hapohapo Berlin, mitaa ya Afrikanisches Viertel. Majina ya Kiafrika ya huko yalianza kuwekwa enzi za ukoloni, na kulikuwa na barabara yenye jina la Carl Peters, yule aliyetutesa. Agosti 2024 ilibadilishwa jina, kipande kimoja sasa kinaitwa Maji-Maji-Allee. Vita ile ilianzia kwetu, milima ya Matumbi, Kilwa, mkoa wako mwenyewe wa Lindi, 1905. Na Neukölln kuna mtaa wa Lucy Lameck, mama yetu wa siasa, uliokuwa na jina la Wissmann, gavana wa enzi za Mjerumani kwetu, mpaka 2021. Piga picha vibao hivyo mtumie mjomba. Naamini vitamfanya akuulize maswali kila wiki, na mzee anayeuliza maswali haogopi tena kama mwanzo. Hukohuko Wedding kuna maduka ya Waafrika, unapata unga, mihogo, bamia na watu wa kuongea nao.

Dada yako wa mtaani hajakudanganya, ila hajamaliza. Kweli kwenye treni hawasalimii. Lakini ukiingia chumba cha kusubiria kwa daktari kila anayeingia anasalimia wote waliokaa, duka la mkate la mtaani muuzaji anakusalimia na anategemea umjibu, na kwenye ngazi za nyumba majirani wanasalimiana. Anza wewe, kama nyumbani, sema Guten Tag kwa sauti. Siku ya kuhamia gonga mlango wa jirani ukajitambulishe, sema jina na umekuja kwa miezi miwili. Na mkate nunua duka lilelile kila asubuhi, kwa muuzaji yuleyule, ili siku usipotokea kuwe na mtu wa kujiuliza yule binti yuko wapi. Mtu mmoja wa namna hiyo anakulinda kuliko apu zote za kwenye simu.

Ubaguzi upo, sikufichi. Wakati mwingi ni macho, kuulizwa kitambulisho wewe peke yako kati ya watu kumi, mtu kuhamisha pochi ukikaa karibu yake, na kuna mara chache mlevi anatukana. Usibishane na mlevi kwenye treni, hamia behewa la mbele aliko dereva, shuka stesheni yenye watu, polisi ni 110. Tembea na kopi ya pasipoti, yenyewe iache chumbani. Na usiku wa manane maeneo ya Kottbusser Tor, Warschauer Straße na Alexanderplatz shika mkoba mbele, wezi wa pale ni wa mikono myepesi, na wanaokuletea karatasi usaini kuchangia viziwi usisimame.

Mama anauliza ukiumwa nani atakupa maji. Mwambie gari la wagonjwa na zimamoto ni 112, ni bure kupiga, na kama haujazidiwa ila unahitaji daktari usiku au jumapili ni 116117. Maji ya bomba yanakunywika. Lakini mi najua mama hasemi maji kweli. Mpe saa, mwambie kila jumatano na jumapili saa mbili usiku ya Lindi nakupigia kwa picha, na siku hizo mbili usikose hata ukiwa umechoka. Ukimpa kila siku utashindwa, siku moja ukikosa ataamsha mtaa mzima.

SWALI

Shikamoo shangazi, mi kijana wa Mtwara, Shangani, nafanya kazi za mizigo bandarini kwetu. Kampuni inanipeleka Hamburg kujifunza mambo ya bandari mwezi wa sita mpaka wa nane. Mi ni Muislamu na naogopa mambo mawili, chakula na swala. Nimesikia huko jua halizami. Nitaswalije isha? Na kazini wataniona mtu wa ajabu?

JIBU

Marahaba mwanangu. Jua linazama ila linachelewa, Hamburg iko kaskazini zaidi ya Berlin, mwezi wa sita linazama karibu na saa nne usiku na anga haliwi jeusi kabisa usiku kucha, ule mwanga wa pembeni unabaki. Sasa hapo ndo wanazuoni wa huko wamekaa wakapanga ratiba, misikiti mingine inakadiria isha kwa kanuni ya nchi za kaskazini, mingine inaruhusu kujumuisha na magharibi kwa miezi hiyo. Usijitungie yako wala usifuate apu iliyowekwa ya Mtwara. Nenda msikiti ulio karibu nawe siku za mwanzo, chukua ratiba yao ya ukutani, muulize imamu, na uishike hiyohiyo moja mpaka urudi. Hapohapo utakuwa umeshapata jamaa, mana ijumaa ya kwanza ukiulizwa unatoka wapi ukasema Tanzania hutotoka bila kukaribishwa chai.

Chakula usihangaike. Nyuma ya stesheni kubwa ya Hamburg kuna barabara inaitwa Steindamm, mtaa wa St. Georg, pale Waturuki, Waarabu, Waafghani, bucha za halali na misikiti viko jirani. Waturuki wengi walifika Ujerumani kwa mkataba wa wafanyakazi wa 1961 na sasa ni wajukuu wanauza, kwaiyo halali sio kitu cha kutafuta kwa tochi. Ukinunua soseji au supu ya kopo supamaketi ndo uangalie, neno Schwein ujue ni nguruwe, na pipi na jeli nyingi zina Gelatine.

Kazini mwambie msimamizi siku ya kwanza, kwa heshima na kwa kifupi, kwamba adhuhuri unahitaji dakika kumi wakati wa mapumziko ya chakula. Wajerumani wanapenda kitu kisemwe mapema na kipangwe. Ukiwa unatoweka kimyakimya ndo watashangaa. Na fika kazini kabla ya saa, dakika tano za kuchelewa kule zinahesabika, hasa bandarini ambako zamu nzima inakusubiri.

Ukishazoea, jumapili alfajiri sana nenda soko la samaki, Fischmarkt, linaanza saa kumi na moja asubuhi kiangazi na saa tatu na nusu limeisha. Wewe mtoto wa Mtwara, utawaona wauzaji wanavyopiga kelele wakiwa wamesimama juu ya magari utajihisi uko feri.

SWALI

Dada habari za kazi. Mimi mama wa Masasi, kijana wangu wa kwanza yuko London toka mwezi wa sita, yuko peke yake, amekwenda kwa miezi mitatu. Mwanzo alikuwa anapiga kila siku, sasa hivi anaandika tu "niko poa mama" na usiku nikimpigia hapokei au anapokea kuna kelele za watu. Nalala na simu kifuani. Dada yangu nimrudishe?

JIBU

Salama dada yangu, pole, hali hiyo naijua.

Hebu tuangalie saa kwanza. London kipindi hiki iko nyuma yetu masaa mawili. Wewe ukimpigia saa tano usiku ukiwa umeshafunga milango, yeye kwake ni saa tatu usiku, na mwezi wa sita na wa saba saa hiyo London ndo jua linazama. Watu wako nje, kwenye bustani, wamekaa kwenye majani na marafiki, kazi zimeisha. Kelele unazosikia ni za mtu ambaye amepata wenzake. Mi ningeogopa zaidi kama kila usiku ungemkuta chumbani kimya, anajibu haraka, anasema sina pa kwenda.

Kupungua kwa simu kwa mtu aliyekuwa anapiga kila siku mara nyingi kunatokana na kuzoea. Lakini usiishie kukisia, muulize maswali yenye majibu. "Uko poa?" atajibu niko poa miaka yote. Muulize umekula nini jana, unaishi na nani jina lake nani, nitumie picha ya dirisha la chumba chako, nauli ya basi kwenda kazini shingapi. Kijana ambaye mambo yanaenda atakueleza mpaka uchoke. Akikwepa maswali hayo, akianza kuomba hela bila maelezo, au akikwambia amehama na hataki kusema wapi, hapo mpe mjomba wake ampige simu, na muwasiliane na ubalozi wetu wa London.

Na badilisha saa yako ya kupiga. Mpigie jumamosi saa sita mchana ya Masasi, kwake ni saa nne asubuhi, ndo kaamka anapika chai, mtaongea mpaka bando liishe. Usimrudishe. Umebaki muda mfupi na tiketi ya kubadili tarehe ni ghali. Msalimie sana.